Sanduku la Walukuba: shajara ya vifaa vya kamera katika masika ya Jinja

16 Februari

Tumekubaliana jana usiku, baada ya chai. Tuko wapiga picha watano hapa Walukuba, mtaa wa Jinja, Uganda, kila mmoja anabaki na kamera yake, lakini vifaa vyote vinavyoifuata kamera vinawekwa pamoja kwangu: fleshi nne, tripodi mbili, filta, betri za akiba, kadi za memori, chaja, vipulizio na vitambaa, pamoja na lenzi ambazo mwenyewe hazitumii wiki hiyo. Mimi ndiye mtunzaji. Nimepewa kazi moja tu: hadi mwisho wa Mei, masika yakishapita, kila kilichoingia kiwe bado kinafanya kazi.

Mwaka jana hakuna kamera yetu hata moja iliyokufa. Vilivyokufa ni vidogo: chaja, waya, fleshi, kadi. Na kwenye kwanjula, sherehe ya wachumba kutambulishwa kwa familia, mteja hajali kilichokufa ni kipi. Ukimwambia fleshi imekataa, yeye anasikia hakuna picha.

Leo nimetandika mkeka na kuanza kuhesabu. Fleshi ya tatu haikuwaka. Nilipofungua kimlango cha betri nikakuta unga mweupe, mgumu kama magadi yaliyogandia sufuria, umezishika springi mbili. Ni betri za alkalaini, zile za kutupa, zilizoachwa humo tangu harusi ya Desemba. Betri ya aina hiyo ikichoka huvuja potasiamu haidroksaidi, kitu kikali kinachokula chuma na kinachochoma ngozi, kwa hiyo usiguse kwa kidole kitupu. Dawa yake ni kitu chenye uchachu. Nilivaa glavu, nikachovya kijiti cha pamba kwenye maji ya ndimu, nikakikamua kikabaki na unyevu tu, nikasugua polepole. Kikatoa povu dogo, unga ukalegea. Nikafuatisha spiriti ili ndimu yenyewe isibaki ikala chuma, kisha nikasugua ncha kwa kifutio cha penseli mpaka zikang'aa. Nimeiacha wazi ikauke.

18 Februari

Imewaka. Nimeipiga mara kumi na mwanga umerudi kila mara.

Kuanzia leo fleshi zetu zinakula betri za kuchaji za AA tu, zile za nikeli zilizoandikwa NiMH. Volti zake ni 1.2, chini ya 1.5 za alkalaini, na wengi hudhani kwa hiyo ni dhaifu. Kwenye fleshi mambo ni kinyume, kwa sababu zinaweza kumwaga umeme mwingi kwa haraka bila kulegea, na fleshi inajaa upesi kati ya picha na picha. Nimezigawa kwa familia za nne nne na kuziandika kwa kalamu ya wino usiofutika: A1 hadi A4, B1 hadi B4, na kuendelea. Familia moja inatumika pamoja na kuchajiwa pamoja. Ukichanganya iliyojaa na iliyochoka, iliyochoka inaisha kwanza, zilizobaki zinaendelea kuilazimisha, na hapo ndipo inapoharibika kabisa. Kazi ikiisha zinatoka ndani ya fleshi usiku huohuo.

Fleshi isiyotumika nitaipiga mara kadhaa kila mwezi. Kapasita yake, sehemu inayokusanya umeme wa kutoa mwanga, ikikaa muda mrefu bila umeme huzorota.

25 Februari

Sanduku limepatikana. Ni la plastiki la kuhifadhia chakula, lita 50, lenye mpira mdomoni na vibano vinne. Pale dukani nilimwomba muuzaji karatasi, nikaibana kwenye mfuniko, nikaivuta. Nilirudia pande zote nne. La kwanza liliachia karatasi upande mmoja bila taabu, maana yake hewa inapita hapo, nikalikataa. La pili liliishika karatasi ikachanika.

Jinja ni mji wa maji. Ziwa mbele, Nile pembeni, na masika yakianza Machi nguo hazikauki. Kuvu, au ukungu kama wengi tunavyouita, hupenda hewa ya namna hiyo. Unyevu ukipita asilimia 60 na kukaa hapo, mbegu zake, ambazo zimo hewani kila mahali, huanza kuota kwenye vioo vya lenzi. Tunataka kati ya 40 na 50. Chini sana nako si kuzuri, mipira na grisi za lenzi hukauka.

Mzee mwenye nyumba alipoona ninavyohangaika akaniambia, "Mwanangu, weka mchele tu. Sisi redio zetu tulikuwa tunaziweka kwenye mchele." Nilimshukuru, na nikamweleza kwa heshima kwamba mchele hunyonya kidogo sana na una unga ambao utaingia kwenye pete za lenzi. Tumeweka silika jeli nusu kilo, zile punje za rangi ya machungwa zinazogeuka kijani zikishiba maji, ndani ya soksi mbili za pamba zilizofungwa. Juu yake kipima unyevu kidogo cha betri. Jioni kinasoma 49. Tumefurahi.

4 Machi

Siku mbaya. Mwenzetu amerudi kutoka Iganga na kadi iliyoandikwa GB 128, aliyoinunua mwezi uliopita kwa bei ya chini. Picha za asubuhi ziko salama. Kuanzia saa nane mchana, kila faili ina jina na tarehe, lakini ukiifungua ni kijivu kitupu. Humo ndimo yalimokuwa mazungumzo ya wazee wa pande zote mbili, na bibi yake bi harusi akimfunga mjukuu mshipi. Bibi huyo ana umri mkubwa. Siwezi kumwambia arudie.

Tulijaribu PhotoRec, programu ya bure ya kufufua mafaili. Imewahi kutusaidia kwenye kadi zilizofomatiwa kwa bahati mbaya, mradi tu uache kuipiga kadi picha nyingine mara unapogundua kosa. Safari hii haikutoa kitu, na baadaye tulielewa kwa nini. Usiku niliipima kadi kwa H2testw, programu inayoijaza kadi mpaka juu kisha inasoma upya kila ilichoandika. Ilichukua zaidi ya saa tatu. Jibu: nafasi ya kweli ni kama GB 30. Zilizobaki ni uongo ulioandikwa kwenye chipu inayoiongoza kadi ili kamera iamini. Picha zilizopita mpaka huo hazikuandikwa popote, ndiyo maana hakuna cha kufufua.

Basi tangu leo hakuna kadi inayokwenda kazini kabla haijapimwa, hata ikiwa imefungwa kwenye pakiti yake, hata ikiwa duka ni la rafiki. Naongeza hapa baadaye: nimezipima zote kumi na moja kwa siku tatu. Moja zaidi ilikuwa bandia, nimeikata kwa mkasi.

Mengine ya kadi, kwa kifupi: fomati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Usizime kamera taa ya kuandika ikiwa inamulika. Kwa video angalia alama ya V30, inayoahidi angalau megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka. Kadi mbili za GB 64 kwenye harusi ni bora kuliko moja ya 128, maana ikifa moja nusu ya siku inabaki.

12 Machi

Mvua imeanza. Kipima unyevu: 50.

15 Machi

Sikuwa na amani na ile 50. Mvua siku tatu, sanduku linafunguliwa asubuhi na jioni, na namba haisogei? Nikakumbuka kuwa kipima unyevu chenyewe hakuna aliyekipima.

Njia yake ni nyepesi na haihitaji maabara. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kijaze chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka chumvi iwe kama mchanga uliolowa. Isiyeyuke, isiogelee. Weka kifuniko hicho pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, funga vizuri, acha usiku kucha mahali ambapo joto halibadilikibadiliki. Chumvi iliyolowa namna hiyo huifanya hewa ya mfuko itulie kwenye asilimia 75. Kipima unyevu kizuri kitasoma 75.

Chetu kimesoma 66.

Kumbe ile 50 ni kama 59. Kwa wiki mbili na zaidi tumekuwa tukifunga lenzi ndani ya hewa iliyo ukingoni kabisa mwa kuvu, huku tukipongezana. Nimebandika tepe juu ya kioo chake: ONGEZA 9. Najua kosa lake huenda si 9 kamili kila mahali, lakini inatosha kunitoa usingizini.

Nikazitoa lenzi zote, moja moja. Ukitaka kuona kuvu usitazame kwa mbele kwenye mwanga wa dirisha. Fungua mdomo wa lenzi, yaani tundu la ndani linalopitisha mwanga, mpaka mwisho, washa tochi ya simu nyuma yake, kisha tazama kwa mshazari. Vumbi huonekana kama nukta. Kuvu ina matawi. Saba zilikuwa safi. Ya nane, 50 mm ya mwenzetu mdogo, ilikuwa na nyuzi tatu pembezoni, nyembamba kuliko nywele, zikijigawa kama mizizi ya mche wa mpunga ukiung'oa.

Nilimpigia simu. Akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, hiyo ilikaa kwenye begi langu tangu Krismasi. Begi lilinyeshewa." Ndivyo ilivyo. Begi la kamera ni la kubebea. Sponji yake ikinywa maji inayashika kwa wiki nzima, na giza lake ndilo kuvu inalolitaka. Lenzi nimeitenga kwenye mkebe wake. Itakwenda kwa fundi Kampala.

16 Machi

Punje za silika zote zimegeuka kijani, kwa hiyo hata bila kipima unyevu zilikuwa zikiniambia ukweli na mimi sikuzifungulia soksi. Sasa nitaziweka kwenye mkebe wenye mfuniko wa wavu, zionekane.

Kuzikausha: zinahitaji joto la nyuzi 120 hivi kwa saa mbili. Hatuna oveni, tuna sigiri. Robo ya kwanza niliiharibu kwa haraka. Mkaa ulikuwa mwekundu, punje zikaanza kupasuka kwa kelele kama bisi na kugeuka kahawia, na rangi hiyo hairudi tena. Mara ya pili nilisubiri mkaa uvae majivu, nikaweka bati juu ya sigiri na sufuria pana juu ya bati, punje zikiwa zimetandazwa safu nyembamba, nikawa nageuza kwa kijiko cha mbao. Baada ya saa mbili na nusu kijani ikaondoka, machungwa ikarudi, kuanzia pembeni kwenda katikati. Zimwage zikiwa bado na joto ndani ya chupa inayofungika. Zikipoa nje, zinaanza kunywa hewa hapohapo. Na sufuria hiyo haitapikia chakula tena, nimeitoboa mpini ili isichanganywe.

Jioni: 36, yaani 45.

29 Machi

Masese, alfajiri, mradi wetu wa picha za mwaloni, pale wavuvi wanapotua ziwani. Akina mama walikuwa wanaanika mukene, yaani dagaa, na mimi nikasimamisha tripodi bila kutazama chini. Mama mmoja akaniita, "Wee mwanangu, hicho kiguu chako kinakanyaga mboga yangu." Niliomba radhi na kuhamia kwenye tope, mguu mmoja majini.

Kwa kawaida ukisimamisha tripodi, fungua vipande vizito vya juu kwanza, na kipande chembamba cha chini kiache kwa mwisho. Lakini kwenye maji na tope mimi hufanya kinyume: nakivuta hicho cha chini kabisa mpaka mwisho, ili kufuli yake ikae juu ya maji na mchanga usiifikie. Nguzo ya katikati usiipandishe kama hulazimiki, picha ya sekunde mbili itatikisika kwa upepo wa ziwa. Ning'iniza begi kwenye ndoano yake, ila liguse ardhi kidogo lisigeuke pembea.

Kosa kubwa hufanyika baada ya kazi, mtu anapoikunja ikiwa na tope na kuipakia kwenye boda. Mchanga unaingia ndani ya mirija na kuisaga. Yetu nimeiosha kwa maji safi ikiwa bado imenyooshwa, nikaifuta, nikafungua kufuli zote na kuisimamisha kivulini siku nzima. Ile ya pili ilikwishakuwa na sauti ya kusaga, nimeifungua mguu mmoja mmoja na kuosha nyuzi za kufuli kwa mswaki wa zamani na sabuni. Grisi kidogo sana, kama ya kupaka ukucha. Ikizidi inakamata mchanga.

Boda ina madhara mengine. Mtikisiko wa barabara ya vumbi hulegeza skrubu: za bamba la tripodi, za kichwa chake, hata zile ndogo za mkia wa lenzi. Alenki mbili na bisibisi ya saa sasa zinakaa kwenye kila begi, na kila Jumapili nagusa kila skrubu.

Jioni wale wadudu wa ziwani walikuja kama moshi, kama wanavyokuja. Wanafuata taa. Ukimpangusa mmoja akiwa kwenye kioo anapasuka na kuacha mafuta. Zima taa, elekeza lenzi chini, mpulizie kwa kipulizio cha mpira aondoke mzima. Kipulizio, si mdomo, mate yana chumvi. Kinachofuata ni brashi, na kitambaa cha maikrofaiba ni cha mwisho, tone la dawa likiwa kwenye kitambaa na kamwe si juu ya kioo, kwa sababu linaweza kupenya ukingoni. Shati, hapana. Vumbi jekundu tunalotembea nalo lina chembe za mchanga ngumu kuliko kioo chenyewe, na shati lako limebeba vumbi hilo tangu asubuhi.

10 Aprili

Filta ya polaraiza imekwama kwenye lenzi. Tuliitumia kuondoa mng'ao wa maji ya Nile, na kwa kazi hiyo hakuna programu ya kompyuta inayoiweza, ingawa inakula mwanga karibu stopu mbili, yaani unabaki kama robo yake. Vijana wawili walikwishajaribu kuifungua kwa nguvu. Ukiibana kwa vidole pande mbili pete inakuwa yai, na yai halizunguki.

Nilichukua ndala mpya, nikaiweka chali mezani, nikageuza lenzi na kuiweka filta juu ya mpira wa ndala. Bonyeza kidogo, sawasawa, kisha zungusha lenzi kama unayefungua mtungi. Ikatoka mara ya kwanza. Mzee alicheka akasema ndala hizo sasa ziingie sandukuni. Zimeingia, na zimeandikwa kwenye orodha.

19 Aprili

Umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi kwa kishindo saa nne, chaja moja ikanuka. Imeungua. Tangu sasa ukikatika, chaja zote zinachomolewa, na kati ya soketi na chaja tumeweka kile kilinda umeme cha friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite.

Nikiwa hapo nikakagua betri za lithiamu. Moja, ya kampuni isiyojulikana, ilikuwa imevimba kiasi cha kutotoka kwenye kamera bila kubembelezwa. Betri iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi, haitupwi kwenye moto wa takataka ambako watoto hucheza. Iko nje ndani ya kopo la mchanga mpaka nipate safari ya Kampala. Betri nzima ambazo hazitumiki nazihifadhi zikiwa na nusu ya chaji. Zikikaa zimejaa kwenye joto zinazeeka, na zikikaa tupu kwa miezi huenda zisiamke. Zilizochajiwa zimevaa kifuniko chenye tepe nyekundu, zilizoisha hazina tepe. Gizani kwenye harusi hakuna mtu wa kusoma maandishi.

9 Mei

Lenzi ya 50 mm imerudi. Fundi ameifungua na kuisafisha. Nyuzi mbili zimeondoka, ya tatu imeacha alama, imekwishaila rangi ya kinga ya kioo. Kwa picha za kawaida huioni. Ukilielekea jua inatoa utando. Mwenyewe ameipokea, akaijaribu mlangoni, kisha akanirudishia bila neno niiweke sandukuni.

30 Mei

Hesabu ya mwisho wa masika, kwenye mkeka uleule. Fleshi nne, zote zinawaka. Tripodi mbili, hakuna sauti ya kusaga. Kadi tisa, zote zimepimwa. Chaja moja imepungua, betri moja ya lithiamu imepungua. Lenzi nane zimepita mbele ya tochi, hakuna nyuzi mpya. Filta tano. Ndala jozi moja.

Kipima unyevu kimepimwa tena kwa chumvi jana usiku, kosa lake ni lilelile. Leo kinasoma 40, kwa hiyo 49. Punje za pembeni mwa mkebe zimeanza kuingia kijani. Kesho asubuhi nawasha sigiri.